Bima ya pikapu yatupa shilingi 60,000: je, mume wangu atie sahihi?

SWALI

Bwana Mshauri, Assalaam alaykum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkaazi wa Malindi. Mume wangu ni mchuuzi wa samaki. Kwa miaka mingi amekuwa akidamka kwenda Mayungu kungojea mashua, ananunua samaki, anawafunga kwenye kreti juu ya keria ya baiskeli, kisha anawapeleka Msabaha na Gede kwa wateja wake wa nyumba kwa nyumba na kwa akina mama wakaanga samaki. Akishatoa mtaji na gharama zake, alikuwa akirudi nyumbani na kama shilingi 700 kwa siku, na Ijumaa hupumzika.

Miezi minne iliyopita, saa moja kasorobo asubuhi, alikuwa kwenye barabara kuu ya Mombasa karibu na Msabaha. Pikapu iliyokuwa ikisambaza bidhaa madukani ilitaka kuipita tuktuk, ikakutana uso kwa uso na gari lililotoka mbele, ikarudi kushoto ghafla na kumgonga kwa nyuma. Alivunjika mfupa wa paja la mguu wa kulia. Dereva hakukimbia, alimpakia mwenyewe akampeleka hospitali na kulipa gharama za siku ile, na kwa hilo tunamshukuru. Baadaye tulimhamishia hospitali moja ya Mombasa, akafanyiwa upasuaji na kutiwa chuma ndani ya mfupa. Tumetumia zaidi ya shilingi 130,000, nyingine za mchango wa ndugu na nyingine za mbuzi tuliouza. Mpaka leo anatembea kwa magongo, na baiskeli hajaipanda tena.

Wiki iliyopita alikuja nyumbani bwana mmoja akisema ametumwa na kampuni ya bima ya pikapu. Alikuwa na karatasi ya Kiingereza na akasema mume wangu akitia sahihi atapata shilingi 60,000 ndani ya wiki moja. Alieleza kwamba baiskeli haikuwa na taa wala bima, kwamba kwa hiyo nusu ya kosa ni ya mume wangu, na kwamba tukikataa faili litafungwa. Alisema atarudi kuchukua jibu.

Kuna mambo mengine mawili yanayonitia wasiwasi. Kwanza, tulipokuwa hospitali alikuja kijana fulani akamwekesha mume wangu kidole gumba kwenye fomu, akisema ni ya wakili atakayetutetea, na wakili huyo hatujamwona hata siku moja. Pili, dereva ni mtoto wa jirani yetu, ingawa pikapu ni ya mfanyabiashara aliyemwajiri. Mume wangu anasema ajali ni kadari na hataki kumpeleka mtoto wa jirani mahakamani. Polisi walifika siku ile wakapima barabara, lakini abstrakti, ile karatasi ya polisi yenye muhtasari wa ajali, hatujaichukua.

Naomba uniambie: je, tupokee? Na tukikataa, tuna njia gani, na muda wetu haujapita?

Mama wa Watatu, Malindi

JIBU

Wa alaykumu s-salaam, dada yangu. Nawapa pole nyinyi nyote, na namwombea mumeo apone vyema.

Nianze na lile lenye haraka: mumeo asitie sahihi karatasi hiyo. Muda wenu haujapita, na faili la madai yenu halimo mikononi mwa bwana huyo hata aweze kulifunga. Sheria ya Kenya inampa aliyejeruhiwa kwa uzembe wa mwingine miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi ya fidia. Nyinyi mmetumia miezi minne tu. (Lau gari lingekuwa la serikali, muda ungekuwa miezi 12 peke yake, na wasomaji wengine walitie hilo akilini.)

Karatasi za aina hiyo huandikwa kwa maneno mengi, lakini kazi yake ni moja: anayetia sahihi anakiri kwamba amelipwa malipo ya mwisho, na kwamba hatadai tena chochote kutokana na ajali hiyo, si kwa dereva, si kwa mwenye gari, si kwa bima. Sasa mtazameni mgonjwa mwenyewe. Ana chuma ndani ya paja. Hakuna daktari aliyewaambia kama chuma hicho kitabaki au kitatolewa kwa upasuaji wa pili, kama mguu utarudi urefu wake au utapungua, kama goti litakunjika vya kutosha kukanyaga pedali huku nyuma kuna kreti ya samaki. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayopanga kiasi cha fidia, na leo hii hayajulikani kwenu wala kwa bima. Anayewataka mkubali sasa anawataka mbebe peke yenu gharama yote itakayojitokeza baadaye.

Hebu tupige hesabu ndogo kwa takwimu zako mwenyewe. Shilingi 700 kwa siku, kwa siku 26 za kazi, ni shilingi 18,200 kwa mwezi. Kwa miezi minne ni shilingi 72,800. Pato alilokwisha kulipoteza linazidi shilingi 60,000 kabla hatujagusa zile 130,000 za matibabu, kabla hatujataja maumivu aliyoyapata, na kabla hatujauliza atafanya kazi gani mwakani. Hata kama ningekubali kwamba nusu ya kosa ni yake, jambo ambalo silikubali, toleo hilo bado lingekuwa dogo mno.

Sasa nije kwenye hoja za mgeni wenu. Kwamba baiskeli haina bima si hoja kabisa. Sheria ya bima ya lazima ya barabarani, ambayo mawakili huiita Sura ya 405, inawabana wenye magari; haimtaki mwendesha baiskeli awe na bima, wala haimnyimi fidia kwa kutokuwa nayo. Kuhusu taa, ajali ilitokea saa moja kasorobo asubuhi, na hapa kwetu saa hiyo jua limekwisha kuchomoza. Dereva aliyeiona tuktuk mbele yake akataka kuipita alikuwa na mwanga wa kutosha kumwona na mchuuzi aliyekuwa pembezoni. Ni kweli kwamba mahakama inaweza kugawa lawama ikiona aliyejeruhiwa naye alichangia ajali, na hapo fidia hupunguzwa kwa kadiri ya sehemu yake. Lakini mgawanyo huo huamuliwa kwa ushahidi. Mtu kuja kutamka neno nusu akiwa amekaa barazani kwenu hakuufanyi kuwa nusu.

Ushahidi huo sehemu yake mnayo nyumbani. Baiskeli iko wapi? Kama haijatengenezwa, iacheni hivyo hivyo, msiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wala msiifanyie ukarabati. Ipigeni picha kila upande mchana wa jua: rimu ya nyuma iliyojikunja, madigadi iliyobonyea, keria iliyopinda na upande ilikopindia. Gurudumu la nyuma lililovunjika wakati la mbele ni zima linaeleza kugongwa kutoka nyuma vizuri zaidi kuliko maelezo marefu ya mdomo, na limewahi kuwanyamazisha wasemaji wengi. Mtafuteni pia dereva wa ile tuktuk. Yeye alikuwa ndiye gari la karibu kuliko yote, na katika mji kama huu, ambamo wenye tuktuk wanajuana kwa vituo vyao, hamtamkosa mkiuliza mapema, kabla kumbukumbu yake haijafifia.

Hapo hapo nendeni kituo cha polisi ajali ilikoripotiwa. Ulizeni namba ya tukio katika kitabu cha matukio, yaani OB, kisha mwombe abstrakti. Msiiache hata siku moja zaidi, kwa sababu karatasi hiyo moja inabeba mambo matatu mtakayoulizwa kila mahali: namba ya gari, jina la dereva, na kampuni ya bima pamoja na namba ya bima yenyewe. Chukueni na fomu ya P3, yaani fomu ya polisi ya kueleza majeraha, aijaze daktari. Ulizeni kama dereva ameshtakiwa na kesi imefikia wapi. Akitiwa hatiani kwa uendeshaji wa hatari au wa uzembe, hukumu hiyo itawasaidia sana katika madai yenu. Asiposhtakiwa, bado haki yenu ya kudai haifi, kwa kuwa kesi ya fidia ina kipimo chake chepesi zaidi cha ushahidi. Halafu fanyeni upekuzi wa namba ya gari katika kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, ambao hufanywa kwa njia ya mtandao kwa ada ndogo, ili mpate jina la mwenye pikapu kama lilivyosajiliwa, kwani huyo ndiye mtakayemdai pamoja na dereva.

Hapa ndipo pana jibu la wasiwasi wa mumeo juu ya ujirani, na nataka nilikalie jambo hili, kwa sababu naona ndilo linalomfunga kuliko yote. Kijana yule alikuwa kazini, akiendesha gari la mwajiri wake, akisambaza bidhaa za mwajiri wake. Sheria inamhesabu mwajiri kuwa anawajibika kwa uzembe wa mtumishi wake akiwa kazini. Mwajiri naye amelazimishwa na sheria kukata bima kwa ajili ya watu wa nje watakaoumizwa na gari lake, na amekuwa akiilipia. Fidia ya mumeo inatakiwa itoke katika fungu hilo. Ni kweli jina la kijana litaandikwa kwenye kesi, kwa sababu nchini Kenya huanzi kwa kuishtaki kampuni ya bima. Unawadai dereva na mwenye gari, ukipata hukumu, ndipo bima inapobanwa kuilipa. Basi mumeo amwendee jirani yake yeye mwenyewe, kabla ya barua ya wakili kufika, amweleze hivyo kwa utulivu: kwamba hana kinyongo na mtoto, kwamba anamshukuru kwa kumpeleka hospitali, na kwamba anachotafuta ni bima itimize kazi iliyolipiwa. Ujirani huharibika zaidi kwa barua inayokuja ghafla kuliko kwa madai yaliyoelezwa.

Na kuhusu kadari, dada yangu, mimi pia naiamini. Lakini dini iliyotufundisha kadari ndiyo hiyo hiyo iliyoweka diya, yaani malipo ya fidia, kwa aliyeuawa na aliyejeruhiwa bila kukusudiwa. Kudai haki si kupinga aliloliandika Mwenyezi Mungu.

Hata hivyo lazima niwe mkweli juu ya mipaka ya bima. Sheria hiyo ya lazima inaibana kampuni kwa shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Hukumu ikizidi hapo, ziada humwangukia mwenye gari. Kwa jeraha ulilonieleza, sitarajii kiwango hicho kifikiwe. Jambo lenye madhara zaidi ni taarifa. Bima inaweza kukwepa kulipa hukumu ikiwa haikuarifiwa kuhusu kesi kwa wakati, kwa hiyo hakikisheni barua ya taarifa inaifikia kampuni kabla kesi haijafunguliwa, na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ibaki kwenu.

Juu ya kiasi mtakachopata, mtu yeyote atakayewatajia tarakimu leo msimwamini. Mahakama hupima maumivu na ulemavu kwa kulinganisha na majeraha ya namna hiyo katika kesi zilizopita, na msingi wake ni ripoti ya daktari inayosema ulemavu wa kudumu umefikia asilimia ngapi na upasuaji ujao utagharimu kiasi gani. Gharama zilizokwisha kulipwa zina utaratibu mwingine: ni lazima zitajwe moja moja na kila moja ithibitishwe kwa risiti. Hapa ndipo madai mengi ya haki hupotea. Kusanya risiti zote za hospitali, za dawa, za picha za eksirei, za magongo, za gari mlilokodi kwenda Mombasa. Na pale risiti ilipokosekana, rudi ulipolipia ukaombe nakala, au utoe taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo. Kwamba fedha zilikuwa za mchango hakuiondoi gharama.

Najua utajiuliza mchuuzi wa samaki atathibitishaje pato lake na hana karatasi ya mshahara. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 2005, katika kesi iliyohusu kifo cha fundi seremala, kwamba nyaraka si njia pekee ya kuthibitisha kipato, kwa sababu Wakenya wengi wanaishi kwa kazi zisizo na makaratasi. Lakini msiende mikono mitupu. Viongozi wa BMU, yaani kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, wa Mayungu wanamfahamu mumeo na wanaweza kuandika kwamba alikuwa mnunuzi wa kila siku. Wenye mashua waliomuuzia na akina mama walionunua kwake wanaweza kutoa maelezo. Daftari lake la madeni, hata kama limelowa maji ya samaki, ni ushahidi. Na taarifa za M-Pesa za miezi kabla ya ajali zitaonyesha fedha zilivyokuwa zikiingia na kutoka.

Wakati mumeo ataweza kufunga safari, apimwe na daktari bingwa wa mifupa na kuomba ripoti kamili. Baada ya hapo, kama bima itakuja na toleo la heshima, hakuna ubaya kumaliza nje ya mahakama, na mimi ningependelea hivyo kuliko kuzungushwa miaka. Mkikosa kuafikiana, kesi ya kiwango hiki husikilizwa na mahakama ya hakimu, na hapo Malindi ipo. Utasikia watu wakisifu Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na hutakiwa kumaliza ndani ya siku 60. Ni kweli ni ya haraka, ila majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kama madai ya majeraha ya barabarani yanaingia humo, na kesi iliyofunguliwa pasipo mamlaka huweza kuanguka yote. Mwulizeni wakili swali hilo waziwazi kabla hajachagua mlango.

Nimesema wakili, na sina maana ya yule wa kidole gumba. Wapo vijana wanaozunguka wodini wakitafuta majeruhi wa kuwapelekea mawakili kwa malipo, na sheria inayowasimamia mawakili hairuhusu biashara hiyo. Mwambieni kijana huyo alete nakala ya fomu na jina la wakili. Mkilipata jina, mwandikieni wakili mwenyewe kwamba mumeo anabatilisha ruhusa yoyote aliyotoa, mkataje tarehe, na mkae na nakala. Asiporidhia kulitaja jina, mwandike taarifa hiyo polisi mnapokwenda kuchukua abstrakti, ili siku kesi msiyoijua ikitokea kwa jina la mumeo mwe na kielelezo. Kisha mchague wakili wenu, mhakikishe kupitia Chama cha Mawakili cha Kenya kwamba ana leseni ya mwaka huu, na muelewane ada kwa maandishi. Makubaliano ya kwamba wakili atalipwa endapo tu atashinda, au atakata nusu ya fidia, hayatambuliwi na Sheria ya Mawakili, hata yakiwa yamezoeleka. Ada zikiwashinda, iko Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016 kwa ajili ya watu wasiojiweza.

Bima ikipuuza barua au ikikubali kulipa kisha ikakaa kimya, mna haki ya kuilalamikia kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima; malalamiko yaandikwe, yaambatane na barua zote zilizotangulia. Na siku fedha zitakapotoka, huenda zikapitia akaunti ya wakili. Kwa hiyo tangu mwanzo mtakeni aandike kwamba hatakubali kiasi chochote bila sahihi ya mumeo, na kwamba malipo yakifika atawapa nakala ya barua ya bima yenye kiasi kamili pamoja na mchanganuo wa alichokata. Akikataa kuandika hayo, tafuteni mwingine siku hiyo hiyo. Na kama fedha zitakuwa zimekwisha kuingia kwake naye hatoi hesabu, Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili ndiyo inayopokea shauri la namna hiyo.